Sanduku la Bi Ishbel

"Benno, hivi mtu mwenye akili zake anaanikaje sanda yake mwenyewe kwenye kamba, naye bado anakula na kushiba?"

Swali hilo Mama Selma Obst alimwuliza Sajini Benno Zwar miaka kumi na mmoja iliyopita, akiwa ameegemea ua wa mawe uliotenga nyumba yake na nyumba ya Bi Ishbel Kuchel. Ulikuwa mwezi wa Oktoba na mizabibu ilikuwa imeanza kuchipua. Upande wa pili wa ua, Bi Ishbel alikuwa akibana nguo moja moja: gauni refu jeupe, shuka la kitani, kofia ya kulalia na soksi za sufu. Aliwasikia. Akajibu bila kugeuka.

"Selma, kwetu Uskoti bibi arusi hushona nguo mbili, ya kuingilia nyumba na ya kutokea. Ya kwanza nilishaivaa. Hii nisipoipiga jua kila mwaka, nondo wataivaa kabla yangu."

Siku ile walicheka wote watatu.

Sasa Bi Ishbel alikuwa amelazwa juu ya meza ya jikoni kwake, chini ya meza pamewekwa karai la barafu. Ilikuwa tarehe thelathini na moja Desemba, saa tatu asubuhi, na joto la kiangazi la Friedensbach, bonde la walowezi wa Kijerumani kusini mwa dunia, lilikuwa limekwisha kuanza kuyaliza mabati. Jana yake asubuhi, Fundi Hanzlik seremala alikuja kwa shughuli zake, akabisha, hakujibiwa. Akazunguka nyuma. Akamkuta ndani ya kisima cha maji ya mvua, shuka la sanda limemzonga mkono na shingo.

"Alijivika mwenyewe," alisema Mchungaji Heidrich. Alikuwa kijana, mwaka wake wa kwanza bondeni, na kola ilimkaba. "Sisemi kwa furaha, Sajini. Lakini aliianika sanda mchana, na jioni akaingia nayo majini. Tena alikuwa ameagiza na jeneza."

"Nani kasema kuhusu jeneza?"

"Seremala mwenyewe. Nilimwuliza jana alichukua nini kwa marehemu juzi, kwa sababu watu walimwona akitoka na mkokoteni. Akanijibu."

"Na sanda kwenye kamba?"

"Mama Selma Obst aliiona kwa macho yake. Alikuja kuniambia akilia."

Zwar aliandika. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na mwandiko mdogo. Kichwani pa meza alikaa Minna, binti pekee wa marehemu, aliyeolewa mji wa pili. Alikuwa akizichana nywele za mama yake, na kila fundo alilifungua kwa vidole, taratibu, kama mtu anayeogopa kuumiza.

"Mwambie na lile lingine, Mchungaji," alisema Minna.

Mchungaji alitazama sakafu. "Sikuandika mimi sheria za usharika huu. Anayejitoa uhai hulazwa kando ya ua wa makaburi. Kengele haipigwi. Mchimba kaburi ananisubiri, na kwa joto hili mazishi hayavuki kesho asubuhi."

"Jiwe la baba lina pande mbili," Minna alisema. "Upande mmoja jina lake. Upande wa pili jina la mama, limekwisha kuchongwa, bado mwaka tu. Miaka tisa anakwenda kila Jumapili kulifuta vumbi jina lake mwenyewe. Sasa mtamlaza kwenye magugu, na jiwe libaki likimwita?"

Barafu ilikatika karaini, ikalia.

"Nipe mpaka saa kumi," Zwar alimwambia Mchungaji.

"Saa kumi. Ikipita hapo, mchimba kaburi atachimba nilipomwonyesha."

*

Karakana ya Fundi Vojtech Hanzlik ilikuwa nyuma ya kiwanda cha kukaushia zabibu. Alifika bondeni miaka miwili iliyopita kutoka nchi ya Wacheki, baada ya vita, akiwa na mke, randa tatu na makaratasi yaliyopigwa mihuri mpaka hayasomeki. Alikuwa akiranda ubao. Alipomwona sajini, aliweka randa chini na kunyoosha mikono yote miwili mbele.

"Nini hiyo?" Zwar aliuliza.

"Pingu. Si ndiyo umekuja nazo? Tangu jana nikipita dukani watu wanahesabu watoto wao."

"Teremsha mikono, Fundi. Mchungaji anasema Bi Ishbel alikuagiza jeneza."

"Mimi? Jeneza?" Hanzlik alishangaa kweli. Kisha akajipiga paji la uso. "Aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia truhla. Yeye akakimbilia kwenye kamusi, nadhani. Njoo uone hilo jeneza lake, afande. Njoo uone kama linamtosha hata kuku."

Alifunua turubai. Palikuwa na sanduku la mwaloni, la nguo, lenye kitasa cha shaba na bawaba tatu. Upande wa mbele zilichongwa herufi I.G., za jina lake la usichana, na mwaka 1913. Zwar akatoa futi na kulipima. Mtoto wa miaka kumi asingenyooka humo. Akainama akachungulia chini. Ubao wa chini ulikuwa umelika na mchwa, na nusu yake Fundi alikwisha kuitoa na kutia mbao mpya.

"Alilifungua juzi asubuhi akakuta unga wa mchwa," Hanzlik alisema. "Akaja mbio hapa, na joto lile. Nikaenda saa nane na mkokoteni. Tulitoa vitu pamoja, nikalichukua. Nilimwahidi kesho yake asubuhi, lakini halikuwa limeisha, nikaenda kumwambia, ndipo nikamkuta."

Zwar aliandika: *sanduku la nguo, si jeneza, limeonekana.* Akapigia mstari.

"Lakini kwa nini ulimwambia neno hilo?"

"Kwa sababu ndilo neno. Kwetu sanduku la bibi arusi ni truhla. Na sanduku la maiti ni truhla. Mimi seremala jina la kazi yangu linatoka humo humo, mtu wa masanduku. Tena tumelitoa kwenu, Wajerumani."

"Kwetu ni Truhe," Zwar alisema. "Mama yangu alikuwa nalo. La nguo tu. La maiti ni Sarg, jingine kabisa. Hatuchanganyi."

"Basi mlituazima neno likiwa nusu tupu, sisi tukalijaza."

Zwar hakutaka kucheka, lakini pumzi ilimtoka puani.

"Yeye alicheka sana nilipomweleza," Hanzlik aliendelea, akipangusa kifuniko kwa kiganja. "Alisema kwao Uskoti ni kist, na kist ni vyote viwili kama kwetu. Sanduku la mahari, sanduku la kaburini. Hata siku ya kumweka maiti sandukuni ina jina linalotoka humo, ndugu wanakuja, wanasoma Zaburi, wanaweka kwa mikono yao. Alisema mchungaji wa zamani, yule aliyekufa, alimfundisha kwamba kist yao na Kiste yenu ni ndugu wa tumbo moja, mama yao Kilatini. Lile lililokwenda Uskoti likapata heshima. Lililobaki hapa likapewa kazi ya kubeba chupa." Akaonyesha kwa kidevu ule ubao aliokuwa akiuranda. "Sasa namtengenezea na la pili. Neno moja, afande. Kazi mbili. Wiki moja."

Zwar aligeuza ukurasa wa daftari.

"Vile vitu mlivyotoa, vilikwenda wapi?"

"Mablanketi na vitabu juu ya kitanda. Zile nguo nyeupe akaziweka kambani, zipigwe jua, zitoke unga wa mchwa. Alikuwa na furaha. Alitumia vibanio vyangu."

"Vibanio vipi?"

"Nilimchongea zawadi ya Krismasi. Mti wa mzeituni, vina mkato kichwani, hivi." Alichora hewani. "Sita. Gauni viwili, shuka viwili, kofia kimoja, soksi zote mbili kimoja. Nilisimama namtazama, kama mpumbavu anayetazama kazi yake."

Zwar aliacha kuandika. Bonde zima lilijua kwamba Bi Ishbel alikuwa hatoi vibanio kwenye kamba hata akisha kuanua nguo. Wanawake walimtania kwamba ndege wa kwake hukaa kwa foleni, kila mmoja na kiti chake. Na jana asubuhi, walipokuwa wakimtoa kisimani, kamba ilikuwa imepita juu ya vichwa vyao, tupu kabisa, toka mwisho hata mwisho.

"Chukua reki ndefu na kamba," alisema. "Twende."

*

Kisima kilikuwa nyuma ya jiko, kimejengwa kwa matofali ndani ya ardhi, na mdomo wake ulifunikwa kwa mbao tatu. Zile mbili za pembeni zilipigiliwa. Ya katikati ndiyo ya kuondoa. Jana ilielea majini pamoja na marehemu.

Zwar aliuinua ubao huo, akaugeuza. Chini yake palikuwa na mataruma mawili, vipande vya mbao vya kushika ukingo. Moja lilikuwa karibu na ncha, la pili mbali.

"Soma," alimwambia Hanzlik.

Fundi aliuweka mdomoni mwa kisima. Ukakaa kimya, ukabana. Akaugeuza mbele nyuma, akauweka tena. Ulionekana umefunika vizuri, lakini alipoukanyaga kwa ncha ya kiatu ulicheza.

"Unakaa njia moja tu," alisema. "Ukiuweka kinyume, taruma halishiki ukingo. Paka akipita, sawa. Mtu mzima akikanyaga, unapinduka."

"Bi Ishbel alifungua kisima hiki mara ngapi kwa siku?"

"Siagi yake humo, maziwa humo. Mara sita? Saba? Miaka thelathini na zaidi."

"Basi asingeuweka kinyume hata usingizini."

Zwar alilala kifudifudi, akaingiza kichwa. Kulikuwa na kulabu ya chuma imefungwa kwenye kamba fupi, ile ya kuning'inizia kopo la siagi. Kwenye ncha ya kulabu kulinasa nyuzi za kitani. Alizitoa kwa kibano, akazitia kwenye bahasha, akaandika saa.

Wakaanza kukokota chini kwa reki. Mara ya tatu lilipanda gauni. Kisha soksi moja. Kisha kofia, imejaa maji kama kibofu.

Hanzlik alijifuta macho kwa mkono wenye tope. "Alisema kofia hiyo alishona kwa taa ya meli, akija huku kuolewa."

Zwar aliingia ndani, akarudi na shuka. Minna alikuwa bado hajalifua, limelowa vilevile ndani ya ndoo. Alilitandaza juu ya nyasi kavu, wakaliona wote wawili. Pembe mbili za shuka zilikuwa bado zimefungwa fundo, tena fundo gumu, la mtu mwenye haraka. Pembe ya tatu ilikuwa imechanika.

"Jana mimi mwenyewe niliona fundo hili shingoni mwake, nikasema kajivika," alisema Zwar. "Mungu anisamehe. Hili si vazi. Hili lilikuwa furushi. Gauni, kofia na soksi zilifungwa ndani, furushi likatundikwa kwenye kulabu."

"Na yeye?"

"Jioni alikuja kuchukua siagi. Nguo hazipo kambani. Kwenye upenyo wa ubao anaona ncha nyeupe. Akasogea akaikamata, akavuta. Kulabu haikuachia. Ndipo akapanda juu ya ubao apate nguvu." Aliugonga ubao kwa kifundo cha kidole. "Anayetaka kujitupa kisimani, Fundi, huondoa mfuniko akauweka pembeni. Hasimami juu yake. Ubao ulitumbukia naye kwa sababu alikuwa ameukanyaga."

Hanzlik alitazama kamba ya kuanikia. Upande mmoja ilifungwa kwenye nguzo ya jiko. Upande wa pili ilipita juu ya ua wa mawe, ikafungwa kwenye mlozi wa jirani.

"Afande," alisema polepole, "ni nani angefanya furushi la nguo za maiti?"

Zwar alikunja shuka likiwa limelowa, akalitia ndooni.

*

Mama Selma Obst alikuwa kwenye baraza yake ya nyuma akimenya viazi. Dirisha la chumba lilikuwa wazi, na kutoka humo kilisikika kikohozi cha mumewe, Gerhard, kirefu, chenye kokoto ndani.

"Hodi, Mama Selma."

"Karibu, Benno mwanangu. Umekonda. Hamli huko kituoni?"

"Tunakula. Mzee anaendeleaje?"

"Unamsikia mwenyewe."

Zwar aliiweka ndoo juu ya ngazi. "Nina ombi. Minna anataka kumvika mama yake. Shuka limelowa, na kamba ya kwao inapita juu ya kisima, moyo haumpi. Naomba nilianike hapa kwako kwa saa moja."

Kisu kilisimama juu ya kiazi.

"Hapana, si leo."

"Jua lote hili?"

"Nimesema si leo. Na wewe unajua kwa nini. Mama yako alikuwa Mserbia wa Lusatia, kule Ujerumani, aliyajua mambo haya kuliko mimi."

"Nikumbushe."

"Usinichezee, Benno. Nilikufundisha katekisimu ukiwa huna meno." Lakini alisema, kwa sauti ya chini, akitupia jicho dirishani. "Toka Krismasi hadi Sikukuu ya Mamajusi hakuanikwi cheupe. Anayeanika atamvisha hicho cheupe mtu wa nyumba ile kabla mwaka mpya haujazeeka."

"Mtu wa nyumba ipi? Ya nguzo au ya mlozi?"

Mama Selma alirudia kumenya.

"Basi nitalipeleka nikalianike kituoni," Zwar alisema. "Mimi sina mke, sina hata kibanio. Niazime vichache."

Mfuko wa vibanio ulining'inia kando ya mlango. Alinyanyuka kuutoa, kwa mkono wa mtu ambaye hajawahi kumnyima jirani kitu, akampa. Zwar aliumwaga juu ya meza ya viazi. Vilikuwa vya msonobari, vya zamani, vimekuwa vya kijivu kwa mvua. Akavitenga kwa kidole. Katikati yake vilitokea vyenye rangi ya asali, vina mkato kichwani. Akavipanga kwa mstari mbele yake.

"Sita," alisema.

Mama Selma aliviangalia. Kisha akaiangalia mikono yake.

"Sikuviona," alinong'ona. "Benno, naapa kwa Mungu aliye hai, sikujua vimo humo. Miaka hamsini natoa kibanio natia mfukoni mwa aproni, narudi naumwaga mfuko. Mkono ulifanya wenyewe."

"Kaa, mama."

Akakaa.

"Umeishi naye miaka thelathini. Kila Oktoba anaanika zile nguo, unamwona, unamtania. Kwa nini ulimwendea Mchungaji kama mtu aliyeona jambo jipya?"

"Kwa sababu haikuwa Oktoba!" Alijiziba mdomo. Ndani kikohozi kilipanda, kikashuka. "Juzi asubuhi Gerhard alitema damu. Daktari akaniambia tuhesabu wiki, si miezi. Natoka nje nipate hewa, naona sanda. Juu ya mti wangu, Benno! Kamba imefungwa kwenye mti wangu. Nikamwita uani, nikamwambia, Ishbel, nakusihi, shusha. Shusha leo, uanike hata mwezi mzima baada ya Mamajusi. Akasema, Selma, mchwa hawana kalenda. Akasema siku zetu zinahesabiwa na Mungu, si na kamba ya nguo. Alisema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nimejaa hofu."

"Kisha?"

"Akaenda kulala mchana, kama kawaida yake. Nikavuka. Nikashusha. Nilitaka kumwekea ndani, lakini mlango wake hulia, angeamka, tungegombana. Nikatafuta mahali ambapo mbingu haitaiona. Kisima kilikuwa pale. Nikafunga furushi, nikatundika kwenye kulabu ya siagi, nikarudisha ubao. Nilijua akija kuchukua siagi ataliona, atanitukana Kiskoti chake, kesho tutakunywa kahawa."

"Ubao uliuweka kinyume."

Aliinua uso. "Una kinyume?"

Mama Selma aliendelea kumtazama mpaka alipoelewa, kisha akainama, paji la uso likagusa maganda ya viazi.

Zwar aliviokota vile vibanio sita, akavitia mfukoni.

"Mchungaji ulimwambia kajiua."

"Sikusema kajiua. Nilisema niliiona sanda kambani. Ni kweli, niliiona."

"Ulitoa nusu, ukamwachia yeye nusu ya pili ajaze. Leo saa kumi wanachimba kando ya ua."

"Nikisema, Gerhard atasikia. Nyumba hizi hazina siri. Atakufa akijua kwamba kwa ajili ya roho yake nimemwua Ishbel."

"Usiposema, Ishbel atalala maguguni milele kwa kosa ambalo hakulitenda. Na Minna ataishi akiamini mama yake alimchoka."

"Na mimi nitafungwa?"

"Hilo la hakimu, mama, sitakudanganya. La leo ni kaburi."

Saa ya ukutani ilipiga tisa na nusu. Mama Selma alifungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti. Akaingia chumbani. Zwar alimsikia akimwambia mumewe kwamba anakwenda kwa jirani, hatachelewa.

*

Jikoni kwa Bi Ishbel, Fundi Hanzlik alikuwa ameleta sanduku la pili na kulilaza juu ya stuli mbili. Halijapakwa rangi, lilinuka msonobari. Mchungaji Heidrich alikuwa amesimama karibu na dirisha na saa yake mkononi. Minna alikuwa amemaliza nywele. Alizisuka mikia miwili, akaizungusha kichwani kama ilivyo kwenye picha ya harusi.

Mama Selma hakukubali kiti. Alisimama miguuni pa marehemu akasema yote, kwa mpangilio uleule: damu, mlozi, maneno ya uani, furushi, kulabu, ubao. Sauti yake ilikatika mara moja tu, alipofika kwenye kopo la siagi. Zwar aliweka vile vibanio sita juu ya meza, kando ya mkono wa Bi Ishbel, na ile bahasha ya nyuzi. Alieleza habari ya ubao kwa maneno machache. Hanzlik akathibitisha.

Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho. Alifunga saa yake, akaitia mfukoni, na uso wake ukawa wa kijana aliyekosea mbele ya watu.

"Nilikuwa nimekwisha kumhukumu," alisema. "Nenda, Fundi, mwambie mchimba kaburi aache pale. Achimbe kwa mumewe. Na amwambie mpiga kengele ajitayarishe kwa kesho, sitini na tatu, moja kwa kila mwaka wa umri wake, asiruke hata moja."

Hanzlik alivaa kofia, akatoka mbio.

Minna alikuwa ameshika chanuo, akilizungusha vidoleni. Alipozungumza, alizungumza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei.

"Mama Selma. Daktari alisema ilikuwa kama saa kumi na mbili. Wewe ulikuwa wapi?"

Zwar aliinua kichwa. Hilo yeye hakuwa ameliuliza.

"Jikoni kwangu."

"Dirisha la jikoni kwako linaangalia huku."

"Ndiyo."

"Lilikuwa wazi?"

"Minna, mwanangu..."

"Lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi. Joto lilikuwa kali."

"Ulimsikia akianguka?"

"Sikusikia kuanguka. Nakuapia. Sikusikia maji."

"Ulisikia nini?"

Mchungaji alipiga hatua mbele, akanyoosha mkono kama wa kumzuia, kisha akaurudisha.

"Aliita," Mama Selma alisema.

"Alimwita nani?"

"Aliniita mimi. Selma. Kisha akanyamaza, akaita tena. Nikadhani amekwisha kuliona lile furushi, ananiita uani tugombane. Sikuwa na nguvu za kugombana. Gerhard alikuwa ndio kwanza amepata usingizi." Akamtazama Minna. "Nikafunga dirisha."

Minna aliweka chanuo juu ya meza. Alilitoa lile shuka kwenye ndoo ya Zwar, likidondosha maji, akamfunika nalo mama yake mabega, akalitengeneza. Kisha akapita mbele ya Mama Selma, karibu sana, nguo zikagusana. Akafungua mlango, akatoka.